Mgeni wa Zaitun: siku tano Quanzhou

Miaka tisa nimekwenda China na sijaiona. Niliyoiona ni Guangzhou, tena si yote: ni mtaa wa Xiaobei na masoko ya jumla, chumba kisicho na dirisha, na mzani wa mizigo uliosimama mlangoni kama mlinzi. Sisi wenye maduka ya viatu ndivyo tunavyosafiri. Kila yuani unayoilalia ni kandambili uliyoiacha dukani kwa mtu.

Safari hii oda ya raba ilinipeleka Jinjiang, mkoa wa Fujian, ambako viatu vyenyewe vinazaliwa. Mdogo wangu anasoma Xiamen, jirani na hapo, mwaka wake wa mwisho. Akaniambia, "Dada, ukimaliza kazi zako, ulale japo mara moja mahali panapolala watu." Akaipekua simu yake, akaniwekea nafasi usiku nne kwenye hoteli ya kifahari kando ya ziwa, mjini Quanzhou. Chumba na sebule, yuani 1,260 kwa usiku. Kwa hesabu za Ngamiani, kwetu Tanga, hizo ni shilingi laki nne na ushee. Nilinyamaza kidogo, halafu nikamwambia alipe haraka kabla sijaanza kuzigeuza ziwe jozi.

Siku ya kwanza, Jumatano

Asubuhi nilikuwa bado kazini, Chendai, mahali ambapo kila mlango wa pili unauza soli, gundi au kamba za viatu. Ding Shizhong wa raba za Anta ni mtoto wa hapa. Mwenye kiwanda ninayenunua kwake naye ni Ding. Jirani yake Ding. Aliyetuletea chai, Ding. Nikamuuliza mdogo wangu kama kijiji kizima ni ukoo mmoja, akasema karibu hivyo, na kwamba babu zao walikuwa Waislamu waliofika kwa biashara ya baharini enzi za majahazi. Inasemwa jina lenyewe ni mkia wa majina yaliyoishia na "din", mfano wa Shamsuddin. Leo wengi wao hawaswali na nguruwe wanakula, ila siku ya kuwatolea wazee wao sadaka, nyama hiyo haiwekwi mezani. Jumba la ukoo lipo katikati ya viwanda hivyo hivyo, limejengwa mraba ndani ya mraba, umbo la herufi 回, ndiyo wanayoandikia neno Hui, Waislamu wa China.

Mwenye kiwanda aliposikia nakwenda kulala Quanzhou siku nne bila shughuli yoyote, alishtuka kuliko mama yangu.

Tulifika hotelini saa tisa alasiri. Nje ni kijiji cha kale cha Fujian: kuta za matofali mekundu, ua ndani ya ua, paa zenye ncha mbili zilizopinda juu kama mkia wa mbayuwayu. Ukikaribia unaona matofali yote yana umri mmoja na hakuna hata moja lililoliwa na mvua. Sikulalamika. Mtu akijenga uongo mzuri namna ile, na maua akayapanda, mimi nitaupiga picha.

Mapokezi walichukua pasipoti, wakaipiga picha, wakatupiga na sisi. Binti wa kaunta alikuwa mpole, lakini Tanzania ilimchukua muda kuipata kwenye orodha yake. Kisha amana, yuani 1,000, ya kulinda vitu vya chumbani. Kadi yangu ya benki ikakataa mara tatu mbele ya foleni, na kila ilipokataa binti alitabasamu zaidi, jambo lililonitia jasho kuliko angenuna. Mdogo wangu akalipa kwa simu. Chumba tulichopewa kiliandikwa "mandhari ya ziwa". Nikafungua pazia nikaona ua wa kuanikia mashuka. Shuka kweli zilikuwa nyingi kama ziwa, lakini mdogo wangu alishuka chini akazungumza, na baada ya nusu saa tukahamishiwa ghorofa ya tano. Ya nne haipo. Lifti inatoka 3 inarukia 5, kwa kuwa kwa Kichina nne na kifo hutamkika kwa kukaribiana.

Humo ndani nilikuwa kama mtoto aliyeachwa peke yake kwenye nyumba ya tajiri. Pazia hufunguliwa kwa kuliamuru kwa mdomo, ila linajua Kichina tu. Nikaliambia kwa Kiswahili cha Tanga, "Hebu funguka," likaniimbia wimbo. Choo kinakusikia ukiingia na kunyanyua mfuniko chenyewe. Usiku nilipita pale gizani kikanyanyuka, nikasoma bismillahi kwa sauti hadi mdogo wangu akaamka kwenye kochi lake.

Mezani palikuwa na seti ya chai: majani ya Tieguanyin kutoka Anxi, ng'ambo ya vilima hivi, birika dogo, na vikombe vinne vyeupe visivyo na masikio, vyembamba hivi kwamba ukikiinua kwenye taa unaona vidole vyako kwa upande wa pili. Ni kauri ya Dehua, nayo pia ya mkoa huu. Nikamimina maji ya moto, nikashika ukingoni kama nilivyozoea kushika kikombe cha nyumbani, kikaniunguza, kikaniponyoka. Hakikuvunjika. Kilimeguka mdomoni tu, kipande cha ukubwa wa kucha. Nikakisukuma nyuma ya birika, upande uliomeguka ukitazama ukuta, nikaenda kulala.

Siku ya pili, Alhamisi

Kifungua kinywa cha hoteli hii kingelisha harusi, na robo tatu yake ni nguruwe. Neno la kujifunza kabla ya yote ni *qingzhen*, yaani halali. Mdogo wangu alilitamka mara moja, mpishi akatoka mwenyewe, akatuongoza kwenye uji mweupe wa mchele, mayai, viazi vitamu vya mvuke, na vile vikate virefu vya kukaanga wanavyochovya kwenye maziwa ya soya. Kila siku baada ya hapo alikuwa ametutengea pembeni. Hilo ndilo nililolipenda kuliko marumaru zote.

Mjini tulianzia Mtaa wa Tumen, penye msikiti wa Qingjing. Umejengwa mwaka 1009. Nimeusoma mwaka huo mara mbili kwenye kibao kwa kudhani macho yangu yamechoka. Lango ni la mawe ya rangi ya kijivu na kijani, refu, matao yamepangana moja ndani ya lingine hadi kwenye mlango, halifanani na chochote kinacholizunguka. Ukiingia kushoto kuna ukumbi wa kale wa kuswalia: kuta zimesimama, madirisha yamesimama, aya zimechongwa mawe mazima mazima, lakini paa liliporomoka zamani. Sasa katikati ni nyasi na vitako vya nguzo. Mwanga unaingia wote. Nilisimama penye kibla nikasikia pikipiki za umeme zikipita barabarani.

Kwenye ukuta wa nyuma wa lango kuna maandishi ya Kiarabu. Chuo cha Kurani tulikwenda wote wawili, kwa mwalimu yule yule wa Barabara ya 9, na fimbo zake tunazikumbuka kwa pamoja, kwa hiyo tulisoma kwa zamu, kidole hewani. Yanasema msikiti ulijengwa mwaka 400 wa Hijria, na miaka 310 baadaye ukafanyiwa matengenezo na Ahmad bin Muhammad al-Quds, kutoka Shiraz.

"Shirazi!" mdogo wangu akaropoka. Akacheka mpaka mlinzi akatutazama. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa. Kwetu ukimkanyaga mtu mguu anakutajia babu yake aliyetoka Shiraz na jahazi alilojia. Huyu wa Quanzhou angalau aliandika jina na tarehe.

Mji huu wageni waliuita Zaitun. Jina halina uhusiano na zeituni, limetokana na mti wa *citong*, wenye maua mekundu, ndugu wa ule ambao Wakikuyu wanauita mũhũtĩ. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyekuwa Kilwa mwaka 1331, alitia nanga hapa miaka kumi na mitano hivi baadaye, na akaandika kwamba aliona bandarini majahazi makubwa yapatayo mia. Mtu mmoja, macho yale yale, Kilwa na hapa. Nilikuwa nimelisikia jambo hili shuleni likapita. Nikiwa nimesimama kwenye msikiti ambao ulikuwa umeshatimiza miaka zaidi ya 300 alipofika yeye, halikupita tena.

Mchana tulikula tambi za Lanzhou kwa Waislamu wa kaskazini, bakuli kubwa, nyama nyembamba kama karatasi, yuani 18 kila mtu. Hotelini glasi ya juisi ni 48.

Alasiri tukaenda hekalu la Kaiyuan, lililoanzishwa mwaka 686. Watu wote huenda kupiga picha minara yake miwili ya mawe, mmoja unapita mita 48. Mimi nilikwenda kuona jahazi. Mwaka 1974 lilichimbuliwa kutoka kwenye tope la ghuba, Houzhu, nalo ni la enzi ya Song, ukoo wa kifalme uliotawala China kuanzia 960 hadi 1279, likirudi kutoka bahari za kusini. Kilichobaki ni nusu ya chini, urefu mita 24 na kitu, na upana tisa. Limelala ndani ya ukumbi wake kama samaki aliyeliwa upande mmoja.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa majahazi Pangani, na mimi utoto wangu wote nimekalia vipande vya mbao chini ya jahazi lisiloisha. Kwa hiyo hapa sikuondoka haraka. Mkuku wake ni mnene. Mbao za ubavuni zimepangwa tabaka juu ya tabaka, mbili, kwengine tatu. Na ndani, kitu ambacho babu hakuwa nacho: kuta za mbao zinazokata tumbo lote kuanzia omo hadi tezi, vyumba 13. Likitoboka chumba kimoja, vingine vinaelea. Kwenye viungo walikalafati kwa nyuzi za katani, chokaa na mafuta ya mti wa tung. Babu alitumia pamba na mafuta. Nilijaribu kukumbuka harufu ya sifa, yale mafuta ya papa, na nikaipata, katikati ya ukumbi wenye kiyoyozi.

Lilibeba magogo ya udi na ya manukato kwa maelfu ya kilo, pilipili manga, ubani, ganda la kobe, kauri za pwani, yale makombe madogo ya baharini, na ambari. Sikuona orodha, niliona sanduku la bi harusi.

Nje ya ukumbi nikamsimulia mdogo wangu habari ya Tongoni, alikuwa mdogo mno nilipopelekwa na shule. Yale makaburi ya nguzo, nje kidogo ya Tanga, yana mashimo ya duara kwenye plasta. Tukaambiwa humo zilipachikwa bakuli na sahani za Kichina, na nyingi zikaja kung'olewa. Sisi watoto tulitia ngumi humo kupima. Makunduchi nako, Unguja, pale Kajengwa, mwaka 1945 ilifukuliwa akiba ya sarafu za Kichina, nyingi za enzi hiyo hiyo ya Song. "Kwa hiyo dada," akaniambia, "si wewe wa kwanza kuleta hela huku." Na mimi nilikuwa nimejiona wa kwanza.

Usiku nilitaka ndimu ya kutia kwenye chai. Tukapiga simu mapokezi. Baada ya dakika kumi kengele ikalia, mlangoni amesimama roboti, mrefu kiunoni kwangu, amepanda lifti mwenyewe. Akafungua kifua chake, ndani mna sahani, juu ya sahani limao moja zima. Kisu hakikuletwa.

Siku ya tatu, Ijumaa

Wazee wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hoteli haina jembe. Asubuhi ile nilijaribu kutandika kitanda changu, mhudumu akaingia, akanikuta nimeshika shuka, akaliondoa mikononi mwangu kwa adabu kama unavyomnyang'anya mtoto kiberiti.

Tulikwenda kwanza daraja la Luoyang, lililojengwa kati ya 1053 na 1059 chini ya Cai Xiang, gavana aliyekuwa pia bingwa wa kuandika herufi. Ni mawe marefu yaliyolazwa juu ya nguzo, mahali ambapo mto unakutana na bahari na maji yanakuja kwa hasira. Wakapandikiza chaza kwenye misingi, chaza wakaota, wakayashika mawe kwa magamba yao. Saruji hai. Maji yalikuwa yametoka, tukaona magamba yamejaa kwenye nguzo, na pembeni mikoko, na kaa wadogo wakinyanyua mguu mmoja. Kama hungeniambia, ningesema niko Sahare, pwani ya kwetu Tanga.

Kisha Xunpu, kijiji cha wavuvi. Siku hizi mabinti wa miji mingine wanamiminika hapo kuvalishwa maua kichwani na kupigwa picha, kila duka la pili ni la maua. Lakini mwanzo ni wanawake wa kijiji chenyewe: nywele zinafungwa fundo nyuma, linachomekwa kijiti, halafu linazungushwa duara juu ya duara za maua mabichi, vitumba vya asumini ndani, nje krisantemu na chochote cha msimu. Bibi wa miaka themanini ananunua samaki akiwa na bustani kisogoni. Wenyewe husimulia kwamba asumini ile ililetwa na Waarabu.

Nilivua mtandio kwenye chumba cha ndani cha duka la mama mmoja, mlango umefungwa, akanifunga maua kwa yuani 50. Ile harufu ilipopanda, nikajikuta Tanga, usiku wa kupeleka posa, shangazi akinipachika kikuba na kunikemea nisitikise kichwa. Yule mama naye alinishika kidevu akanikemea kwa lugha yake. Nadhani ni maneno yale yale. Nilipojifunika tena akasikitika kwamba watu hawatayaona. Nikamwonyesha kwa ishara: pua zitayaona.

Nyumba za zamani za hapo kuta zake ni za magamba ya chaza, makubwa kuliko kiganja, yamepangwa kama magamba ya samaki mgongoni. Hadithi ya kijiji ni kwamba majahazi yaliyopeleka kauri na hariri mbali yalirudi matupu, wakayatia magamba ya nchi za mbali kuyapa uzito yasiyumbe. Wengine hutaja hata pwani yetu. Kama ni kweli au ni maneno ya kumfurahisha mgeni, mimi nilifurahi.

Nyuma ya nyumba hizo, mbali na wapiga picha, wanawake wanne walikuwa wamekaa kwenye vigoda wakipasua chaza. Lundo mbele, beseni pembeni. Nilisimama nikatazama hadi mmoja, mwenye gloves moja tu ya mpira, akanisogezea kigoda kwa mguu. Nikakaa. Akanipa chuma chake, kifupi kama kidole cha kati, mpini wa mbao uliopauka kwa chumvi.

Kazi ni hii. Unamlaza chaza tumbo chini mkono wa kushoto, unatafuta mshono kwenye ncha yake nyembamba, unagonga mara moja, unazungusha. Gamba la juu linaachia na mlio mdogo kama wa ulimi. Unakata kamba ya nyama inayomshikilia, unamrusha kwenye maji. Yeye alitumia sekunde tatu. Wa kwanza wangu nilimsaga. Wa pili nikajichoma kidole. Wa tano alitoka mzima, wakapiga makofi wote wanne, na yule mwenye kigoda akasema kitu ambacho mdogo wangu alikitafsiri, "Anasema sasa usiondoke, lundo lenyewe hilo." Nikapasua kama arobaini hivi. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi mpaka tulipokaribia nusu ya lundo. Nilipotaja Afrika, mmoja akanyoosha chuma chake kuelekea kuta za magamba nyuma yetu, wote wakaangua kicheko.

Tulirudi hotelini na mikono inanuka bahari. Sabuni yao ina harufu ya chai nyeupe na haikufua dafu. Nikakumbuka lile limao. Nikaliuma kwa meno, nikajisugua, maji yakashuka kwenye sinki la marumaru na magamba madogo madogo ndani yake.

Siku ya nne, Jumamosi

Mvua. Nilikaa hotelini hadi saa nane mchana na hapo ndipo nilipoielewa hoteli. Kwenye varanda maji yanatiririka kutoka kwenye ncha za paa kwa mistari, mtu anakuja anakuwekea blanketi magotini kabla hujahisi baridi, chai inajaa yenyewe. Ni raha, nisiseme uongo. Saa mbili za kwanza. Ya tatu nikaanza kuhesabu mbao za dari.

Mhudumu wa chumba chetu ni mtoto wa Guizhou, mbali huko bara. Kwao anarudi mwaka mpya wa Kichina tu. Alikuwa akiniita *jie*, dada, na mimi nikamwita mdogo wangu, tukawa na wadogo wawili chumbani. Mwaka wa tatu yuko hapa, msikiti hajauona, daraja hajaliona, siku ya mapumziko analala. Nilimwelewa kabisa. Muulize mwenye duka wa Xiaobei kama amewahi kupanda mnara wa Guangzhou. Alipokuwa akifuta meza akakiinua kile kikombe, akaona ulipomeguka, akanitazama. Akakirudisha nyuma ya birika, kama kilivyokuwa.

Mvua ilipokatika tukaenda kilima cha Jiuri, magharibi ya mji. Hapa sikutarajia kitu, na ndipo nilipokaa zaidi. Miamba imechongwa herufi kubwa kubwa, na kumi kati ya michongo hiyo ni kumbukumbu za dua ya upepo, ya kwanza ya 1174, ya mwisho 1266. Maofisa wa mji na wa biashara ya bahari walipanda hapa mara mbili kwa mwaka kuomba upepo: majira ya baridi, majahazi yakitoka, na majira ya joto, yakitarajiwa kurudi.

Mdogo wangu alikuwa akinisomea tarehe nami nikawa natafsiri kimoyomoyo. Upepo wa baridi unaotoka kaskazini mashariki: kaskazi. Wa joto unaotoka kusini magharibi: kusi. Babu hakuwa na jiwe la kuchonga, ila alipofika Novemba alikuwa akitoka nje alfajiri, analowesha kidole, anakinyoosha. Na hii ilikuwa Novemba. Juu ya kilima upepo ulikuwa unavuma kutoka nyuma yetu, mkavu baada ya mvua, ukielekea baharini. Nikalowesha kidole. Mdogo wangu akanipiga picha, anaisambaza mpaka leo kwenye kundi la familia akisema nilikuwa naonja jiwe.

Siku ya tano, Jumapili

Njiani kwenda stesheni tulitaka kupitia makaburi ya Lingshan, ambako jiwe linasema Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme wa China, alifukiza ubani mwaka 1417 kabla ya kusafiri kwenda Hormuz, kwenye Ghuba ya Uajemi, safari ambayo merikebu zake zilifika Mogadishu na Barawa. Hatukuwahi. Tulichelewa mapokezi.

Chumba kilikaguliwa, simu ikapigwa kutoka juu, na yule binti mpole akatabasamu lile tabasamu lake la kadi. Kikombe kimoja kina hitilafu. Yuani 80 zitakatwa kwenye amana. Mdogo wangu akataka kubishana kwamba kilikutwa hivyo, nikamkanyaga mguu. Sikuwa na uso wa kusema uongo mbele ya mpishi, ambaye alikuwa amekuja kutuaga na mfuko wa viazi vitamu vya njiani.

"Kama nimekilipia," nikamwambia mdogo wangu, "mwambie wakilete." Wakashauriana. Wakaleta, kimefungwa kwenye karatasi laini, ndani ya boksi la hoteli lenye utepe. Kwenye treni nikakitoa boksini, nikakitia ndani ya raba ya sampuli, namba 42, na soksi juu yake. Xiamen tulifika kabla viazi havijaisha.

Hayo yalikuwa Novemba. Juzi fundi alikuwa akimalizia plasta ya uzio wangu, Sahare, upande wa geti. Nikamletea kikombe, nikamwonyesha mahali. Akakigeuza geuza, akapitisha kidole penye kumeguka, akauliza mdomo utazame nje au ndani. Nikasema nje. Akakikandamiza kwenye plasta mbichi, akasafisha pembeni kwa kidole, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama, nyigu watajenga humo," akasema.